Wingi wa "stadium" ni upi? Mhariri kanirudishia habari mara tatu

Kalamu ya Wino (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Wajuzi wa Kiingereza naomba mpite hapa, nimekwama.

Nina miezi minne kwenye tovuti moja ya habari, naandika michezo. Kwenye Kiswahili sina wasiwasi, ila ukurasa wa Kiingereza unanitoa jasho. Wiki hii nimepewa habari ya maandalizi ya viwanja vya AFCON 2027, Kombe la Mataifa ya Afrika, ile ya Pamoja ambayo Kenya, Uganda na sisi Watanzania tulipewa Septemba 2023.

Mara ya kwanza niliandika "The three countries are building new stadias". Ikarudi, neno limepakwa nyekundu. Nikajua s ndiyo mchawi, nikaitoa: "Tanzania is building a stadia in Arusha". Ikarudi. Nikasema basi kosa ni hiyo "a": "The stadia in Arusha is for 30,000 people seats". Safari hii ikarudi na maneno mawili tu, "Soma tena".

Nimesoma tena mpaka macho yamevimba. Wingi wa "stadium" ni "stadiums" au "stadia"? Mtandaoni nimekuta vyote viwili. Habari inatakiwa kesho saa nne asubuhi.

NdovuKuu

"Stadia". Hiyo "stadiums" ni ya Wamarekani. Uzi ufungwe.

Mzee wa Temeke

Kwa Mkapa hatoki mtu, hata wingi hautoki 😂

Shangazi wa Sarufi

NdovuKuu, punguza kasi. Wamarekani gani? FIFA wako Zurich, na mwongozo wao wa ujenzi wa viwanja waliuita "Football Stadiums". Fungua kamusi yoyote kubwa ya Kiingereza utaona wingi wa aina zote mbili umeandikwa hapo. "Stadiums" ndiyo ya kawaida kwenye habari za michezo, Uingereza na Marekani pia. "Stadia" inasikika ya kisomi kidogo, utaikuta zaidi kwa wahandisi na kwenye ripoti za serikali. Huwezi kukamatwa kwa kuandika mojawapo, bali utakamatwa kwa kuchanganya.

Sasa mleta uzi, umefanya makosa matatu tofauti ukadhani ni moja. "Stadias" ni wingi juu ya wingi, kama mtoto anayesema "mawatu". "A stadia" ni sawa na kusema "kiwanja kimoja viwanja". Na "the stadia is" ni kusema "viwanja kinajengwa". Kwenye Kiswahili usingeandika hivyo hata ukiamshwa usingizini, maana upatanisho uko kwenye damu. Ukishika kwamba "stadia" tayari ni vi-, mambo yote matatu yanajinyoosha: "stadia are", "these stadia", "many stadia", na kamwe si "a".

Kalamu ya Wino

Daah, "viwanja kinajengwa". Shangazi umenivua nguo hadharani. Lakini mbona "data" na "media" watu wanasema "is"?

Shangazi wa Sarufi

Kwa sababu hizo zimeshahama nyumba. "Data" siku hizi Waingereza wengi wanaichukulia kama maji au unga, kitu kisichohesabika. "Agenda" nayo ilikuwa wingi kwa Kilatini, leo ni umoja na ina wingi wake "agendas". Wala hakuna anayeandika "musea" kwa "museums" wala "alba" kwa "albums". Kila neno lina safari yake, hakuna kanuni moja ya kuyafunga yote. "Stadia" bado haijahama, iko wingi.

Ushauri wangu kwa mtu mwenye saa chache: andika "stadiums" ulale. Haina mtego.

NdovuKuu

Mimi nilifundishwa -um inakuwa -a. Mwalimu wangu alikuwa Mwingereza.

Mwalimu Mstaafu

Mwalimu wako hakukosea, alikupa kanuni ya Kilatini. Nami niliifundisha hivyo miaka mingi, tena kwa fimbo. Ila neno lenyewe halikuzaliwa Rumi. Warumi walilichukua kwa Wagiriki, waliosema "stadion", na kwao hapo mwanzo kilikuwa ni kipimo cha umbali, futi 600. Futi zenyewe zilitofautiana mji kwa mji, ndiyo maana uwanja wa Olympia una mita 192 na kidogo na wa kwingine una urefu wake. Mbio za urefu huo zikaitwa "stadion", kisha sehemu ya kukimbilia ikaitwa hivyo hivyo, na mwisho wake jengo zima na ngazi za watazamaji. Kwa hiyo mnayemwona amekaa jukwaani kwa Mkapa na kofia ya timu yake, kwa asili ya neno amekaa ndani ya rula.

Wanaosoma Agano Jipya kwa Kigiriki wanakutana nalo pia. Luka 24:13, Emau ni stadia 60 kutoka Yerusalemu. Hakuna mpira pale, ni mwendo.

MpimaArdhi

Mwalimu umenigusa penyewe. Mimi nilipoona kichwa cha uzi nikadhani ni wa kwetu, maana sisi wapima ardhi "stadia" tunaitumia kazini na haihusiani na Simba wala Yanga.

Ukichungulia kwenye levo, ile darubini yetu ya kupimia, unaona msalaba, na juu na chini ya ule mstari wa katikati kuna vistari viwili vifupi. Vile ndivyo "stadia hairs". Jana nilikuwa na kijana wangu ameshika stafu, ule mti mrefu wenye vipimo, upande wa pili wa shamba. Mstari wa juu nikasoma 1.842, wa chini 1.516. Unatoa, unapata 0.326. Zidisha kwa 100, ni mita 32.6 kutoka kwangu hadi kwake, bila kuvuta tepu kwenye matope. Na wa katikati lazima uangukie 1.679, usipoangukia ujue umesoma vibaya au kijana amelegeza stafu. (Alikuwa amelegeza, anachati.)

Kwa hiyo mleta uzi, mtu akikwambia "stadia method" usimwandikie habari ya mpira.

Bint Wete

Kwa khabari ya stadia na umbali, hata sisi watu wa visiwani tumo. Kuna mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki wa karne ya 1, wanauita Periplus, umeshuka na pwani yetu yote mpaka bandari ya kale ya Rhapta. Humo wametaja kisiwa cha Menouthias, chini chini, chenye miti, kama stadia 300 kutoka bara. Haya pigeni hesabu, stadia moja tuseme mita 185.

MpimaArdhi

Kilomita 55 na nusu.

Bint Wete

Na Pemba kwenda bara ni kama kilomita 50. Basi mie nishamaliza.

Mzee wa Temeke

Wasomi bado wanabishana, wengine wanasema Unguja, wengine Mafia. Msitake kuuziana kisiwa humu ndani.

Ila Bint Wete nawe umeandika "stadia moja". Shangazi amelala nini?

Shangazi wa Sarufi

Sijalala. Hapo anaandika Kiswahili, na neno la kigeni likiingia kwetu linavaa nguo za kwetu. "Stadia moja, stadia mbili" ni kama "soda moja, soda mbili". Angeandika Kiingereza ningemshika.

Mleta uzi, turudi kwako. Mhariri aliyesema "Soma tena" hakuwa na shida ya wingi peke yake. Lete aya yote tuione, usione haya.

Kalamu ya Wino

Haya, msinicheke:

"On 2 August 2025 Tanzania beat Burkinafaso 2-0 in Benjamin Mkapa stadium. Fans of one branch met at Mnazi Mmoja stadiums in the morning. Then they went to sit on the stadium. When the players entered the stadium, the referee was already standing on the stadium. The stadium has a capacity of 60,000 people seats."

Mzee wa Temeke

Mnazi Mmoja "stadiums" 🤣🤣 Viwanja vya Mnazi Mmoja leo vimepata paa na taa.

Shangazi wa Sarufi

Mzee wacha kucheka, hilo ndilo kosa zuri kuliko yote humu, na ndilo litakalomfundisha.

Tazama, ndugu yangu. Umekaa usiku kucha unahangaika na s na a, kumbe ugonjwa uko kwenye neno letu lenyewe. "Uwanja" kwa Kiswahili ni shuka linalofunika kitanda kizima. Panapochezewa mpira ni uwanja. Jengo zima na majukwaa yake ni uwanja. Netiboli ina uwanja, ndege ina uwanja, vita ina uwanja. Mahali pa wazi pa mikutano, Jangwani au Sabasaba, tunasema viwanja, wingi kabisa, ingawa ni mahali pamoja. Mwingereza kila kimojawapo amekipa jina lake. Wewe ukiandika umekariri kwamba uwanja ni "stadium", basi unakibandika kila mahali.

Mnazi Mmoja ni "grounds". Hapana jukwaa la kuzunguka, hapana geti la tiketi, ni eneo la wazi. Na hiyo "grounds" yao nayo iko wingi kama viwanja vyetu, umeona bahati? Hapo lugha mbili zimekubaliana kabisa, wewe ukaenda kutafuta ugomvi.

Refa hakusimama "on the stadium". Hapo umemweka juu ya paa. Alisimama "on the pitch", penye nyasi na mistari. Mmarekani angesema "on the field". Wachezaji nao wakitoka kwenye korido la vyumba vya kubadilishia hawaingii "stadium", maana wamo ndani yake tangu basi lao lilipopita getini. Wanaingia uwanjani kwa maana ya nyasi: "came out onto the pitch". Mashabiki hawakai "on the stadium", wanakaa "in the stands". Mechi yenyewe ilichezwa "at Benjamin Mkapa Stadium", tena S kubwa kwa sababu ni sehemu ya jina.

Sasa angalia hiyo "at", "in", "on". Unajua kwa nini zinakusumbua? Kwa sababu sisi tuna -ni. Uwanjani. Basi, imetosha, iwe juu, ndani au kando yake, msikilizaji anajijazia mwenyewe. Kwa Kiingereza lazima uchague. Ukitaja mahali tukio lilipotokea, "at the stadium". Ukitaka msomaji aone kuta zimemzunguka mtu, "in the stadium", kama vile "there were children asleep in the stadium". "On" iache kwa nyasi.

Kabla ya kuandika "stadium" jiulize kwanza: kitu hiki kina majukwaa? Kama hakina, tafuta neno jingine.

Kalamu ya Wino

Nimemweka refa juu ya paa. Mungu nisamehe.

MtuWaKasarani

Mimi niko Nairobi, na hapa Kasarani unaweza kufunzwa hiyo somo yote ukiwa umesimama mahali pamoja. Jina rasmi ni Moi International Sports Centre, ilifunguliwa 1987 tukiandaa All-Africa Games. Sasa kuna "stadium", ile kubwa ya mpira na riadha, pale fainali ya CHAN, ile ya wachezaji wa ligi za ndani za Afrika, ilichezwa 30 Agosti 2025, Morocco wakapiga Madagascar 3-2. Halafu kando kuna "indoor arena", hiyo iko na paa, ni ya voliboli, basketiboli na konsati. Watu wa gazeti za mtaani huandika "Kasarani arena" wakimaanisha ile kubwa na mtu anapotea na tiketi yake mkononi.

Arena ni ya ndani, stadium ni ya nje. Hiyo ndiyo naelewa mimi.

NdovuKuu

Allianz Arena ya Bayern iko nje, inaingiza watu 75,000. Jibu hilo.

MtuWaKasarani

Hiyo ni jina la biashara, boss. Hata duka linaweza kuitwa Palace na si ikulu.

Mwalimu Mstaafu

Nyote mna haki. "Arena" kwa Kilatini ni mchanga. Warumi waliumwaga katikati ya kiwanja cha mapigano ili unyonye damu. Kwa hiyo asili yake ni pale chini panapopiganiwa, si jengo. Kiingereza cha leo kwa kawaida kimelipeleka ndani ya paa, kama BK Arena ya Kigali, lakini anayeweka jina kwenye jengo lake haombi ruhusa kwa walimu wa lugha.

Na kwa kuwa tumefika Rumi, kuna "Colosseum" na "coliseum". Lile la Rumi lililofunguliwa mwaka 80 chini ya Titus ni "Colosseum", C kubwa, s mbili. Majengo mengine yaliyoazima jina mara nyingi yanaandikwa "coliseum", kama Los Angeles Memorial Coliseum lililofunguliwa 1923 na kubeba Olimpiki za 1932 na 1984. Nilisahihisha insha nyingi sana ambazo Papa wa Rumi alikuwa akipita mbele ya "Coliseum".

Lushois

Habari wote. Huku kwetu Lubumbashi shida hiyo hatuna, sisi ni "stade" kwa Kifaransa, na s ya wingi inaandikwa lakini haitamkwi. Mtu akisema "nakwenda stade" pale Kamalondo kila mtu anajua ni kwa timu ya Mazembe. Lakini mtoto wangu anasoma Kiingereza, ameandika "stad" akafikiri ni sawa. Naomba ruhusa nimwoneshe uzi huu.

Kalamu ya Wino

Mwoneshe tu, ila ruka aya yangu.

Swali la mwisho. Nimeona wanaandika "the Emirates Stadium" lakini "Wembley Stadium" bila "the". Je, Mkapa naweka "the"?

Shangazi wa Sarufi

Hapo pana vurugu hata kwao. Jina la mahali au la mtu mara nyingi linasimama lenyewe: "Wembley Stadium", "Benjamin Mkapa Stadium", "Nyayo National Stadium". La mdhamini mara nyingi hupewa "the", kama huo wa Emirates. Lakini utakutana na watu wanaoandika kinyume, wala si dhambi. Weka moja na usibadilishe katikati ya habari. Na Anfield au Old Trafford usiwabandikie "Stadium" kabisa, yamejitosheleza, kama sisi tunavyosema "kwa Mkapa" au "Shamba la Bibi" kwa Uwanja wa Uhuru.

Ila kuna jingine, "30,000 people seats". Namba ikikaa mbele ya jina kama sifa, kinachoifuata hakichukui s: "a 30,000-seat stadium". Kistari kati yake. Au iweke nyuma: "The stadium holds 60,000 people", "The stadium seats 60,000". Usitie "people" na "seats" kwenye sufuria moja. Na neno "stadium" likielezea jina jingine linabaki umoja: "stadium lights", "stadium projects", hata kama miradi ni ishirini. Andika "stadia projects" mhariri wako atakurudishia mara ya nne.

NdovuKuu

Kwenye ripoti nyingi za serikali nimeona "stadia projects".

Shangazi wa Sarufi

Hata mimi nimeona. Nimeona na "yafuatayo ni kama ifuatavyo".

Mzee wa Temeke

Shangazi akiamka hivi mjue chai haijafika.

Kalamu ya Wino

Saa tatu kasoro asubuhi. Nimeandika upya:

"Kenya, Uganda and Tanzania are getting their stadiums ready for AFCON 2027. In Arusha, workers are building a 30,000-seat stadium. Benjamin Mkapa Stadium in Dar es Salaam, which opened in 2007 and holds 60,000 people, has already been tested: on 2 August 2025 it hosted Tanzania's 2-0 win over Burkinafaso. Fans from one branch met at the Mnazi Mmoja grounds that morning before heading to the stadium. When the players came out onto the pitch, the stands were already singing."

Shangazi wa Sarufi

"The stands were already singing". Majukwaa yanaimba. Hilo nimelipenda, liache.

MpimaArdhi

Refa yuko wapi?

Kalamu ya Wino

Nimemtoa kabisa. Nilikuwa namwogopa.

Nimetuma.

MtuWaKasarani

Tupe majibu bana, usiingie mitini.

Kalamu ya Wino

Saa nne na robo. Mhariri kajibu: "Viwanja viko sawa. Burkina Faso ni maneno mawili."